Shajara ya pointi: kumpeleka Mama Umra kutoka Lamu

9 Juni 2025

Idd imepita. Siku ya Arafa Mama alikaa mbele ya televisheni tangu asubuhi, tasbihi mkononi, na kila kamera ilipopita juu ya mahujaji alikuwa akitafuta nyuso za watu wa Lamu, kana kwamba mtu anatambulika katika weupe ule wote. Hakusema neno. Usiku, alipokuwa akijipaka mafuta miguuni, ndipo akanambia: "Magoti haya hayangoji."

Hija hatuiwezi mwaka huu wala ujao. Umra labda. Mimi ni mweka hesabu wa nyumba ya wageni Shela, kwa hiyo nilikaa na kalamu. Nauli za watu wawili, viza, chumba karibu na Haram, ndege ya kutoka Manda, kisiwa chenye kiwanja chetu cha ndege, hadi Nairobi na kurudi. Nilipojumlisha nilifunga daftari.

Lakini kitu kimoja kimenikera tangu usiku ule. Kakangu ni baharia. Kila baada ya miezi saba, minane, huitwa kwenda kuipokea meli bandari yoyote duniani, mara Singapore, mara Santos, mara Rotterdam. Dadangu yuko Doha mwaka wa tisa sasa. Hawa wawili wamekaa angani kuliko ukoo wetu mzima ulivyokaa baharini. Mashirika ya ndege hutoa pointi kwa kila safari. Za kwao ziko wapi?

Nimefungua shajara hii ili nisijidanganye. Nitaandika na makosa.

14 Juni

Hesabu ya ghala, kama tunavyofanya kazini.

Dada: Avios 68,400, ndilo jina la pointi zao, kwenye akaunti ya Qatar Airways. Alijiunga mwaka wake wa kwanza kwa sababu rafiki yake alimsukuma, na kadi yake ya benki huongeza kidogo kidogo kila anaponunua chakula. Hakuwahi kuzitumia hata moja. Alidhani ni za kupunguziwa bei kwenye maduka ya uwanja wa ndege.

Kaka: maili 33,500 za Skywards, yaani mpango wa pointi wa Emirates. Kisha safari nyingi za Turkish na Ethiopian ambazo hakuziandikisha popote. "Tiketi inanunuliwa na kampuni," aliniambia kwa ujumbe wa sauti, upepo ukivuma nyuma yake. "Nikadhani pointi ni za kampuni."

Mimi: sifuri. Niliwahi kuwa na elfu sita na kitu, za safari moja ya mafunzo. Zilikuwa na masharti ya miezi 24. Usiporuka tena ndani ya muda huo zinafutwa. Sikuruka. Sikusoma masharti. Hakuna wa kumlaumu ila aliyeandika haya.

Jambo la kwanza nililojifunza leo, na lilinichukua saa nzima kulikubali: pointi hizi hazichanganyiki. Avios za dada na maili za kaka ni kama shilingi na riali bila duka la kubadilishia fedha. Avios angalau zina jamaa. Zinahamishika kati ya Qatar Airways, British Airways, Iberia na Finnair. Emirates haiko katika muungano wowote wa zile koo tatu kubwa za mashirika ya ndege (Star Alliance, oneworld na SkyTeam), kwa hiyo maili zake hukaa kwao na kwa wale wachache walioandikiana nao mikataba.

Na kila moja hufa kivyake. Avios za Qatar huisha akaunti ikikaa miezi 36 bila harakati yoyote. Kilo moja ya mchele kwa kadi ya dada inatosha kuzihuisha zote. Skywards ni kinyume. Huko kila maili ina umri wake, miaka 3, na hufa mwisho wa mwezi uliozaliwa. Kaka alizaliwa Machi. Nimeandika kwa wino mwekundu: 31 Machi 2026.

22 Juni

Wiki nzima ya kuvua samaki waliokwisha kutoroka.

Mipango mingi hukuruhusu kudai pointi za safari iliyopita; Skywards kwa mfano hupokea madai ya safari isiyozidi miezi 6. Unahitaji namba ya tiketi, na mara nyingine bodingi pasi yenyewe. Nilimwomba kaka apekue mikoba. Alipata mbili ndani ya msahafu, alizitumia kuwekea ukurasa, na moja ikiwa imekunjwa chini ya soli ya kiatu cha kazi. Mabaharia!

Mojawapo ilikataliwa papo hapo. Sababu: jina. Pasipoti yake inasema Mohamed. Akaunti aliyoifungua mwenyewe akiwa na usingizi Dubai inasema Mohammed, m mbili katikati. Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Ukiwa mtu wa pwani hii utaelewa ukubwa wa janga, maana hapa nyumba moja ina Fatma, Fatuma na Faatimah, na wote ni bibi yule yule kwenye hati tatu. Tumetuma nakala ya pasipoti, jina likasahihishwa baada ya siku nne, madai yakapita.

Dai jingine, la shirika ambalo sitalitaja, lilirudi na jibu kwamba tiketi ile haina pointi kabisa. Hapo ndipo nikajifunza habari ya herufi. Kila tiketi ina herufi ya daraja la bei, imeandikwa pembeni kabisa ambapo hakuna anayeangalia. Watu wawili wamekaa kiti na kiti, wamekula wali ule ule. Mmoja ana herufi inayompa maili zote za masafa, mwingine robo, mwingine hana kitu. Tiketi za mabaharia zina bei zake maalumu. Faida yake ni mizigo zaidi na uhuru wa kubadilisha tarehe, kwa kuwa meli haifuati ratiba ya ndege, lakini baadhi ya herufi zake hazizai chochote. Sasa kaka ataangalia herufi kabla ya kukasirika.

Matokeo: Skywards zimepanda hadi 41,000. Za Turkish na Ethiopian zilizopitwa na wakati zimekwenda na maji. Kwa siku za mbele nimemwambia afungue akaunti moja tu ya hao wawili. Wote ni Star Alliance, Turkish tangu 2008 na Ethiopian tangu 2011, kwa hiyo akipanda hii au ile anaweza kutoa namba ile ile ya uanachama na vyote vikaingia kapu moja. Akiwa na makapu mawili yenye nusu nusu, hana kapu.

30 Juni

Leo nimefanya kazi ninayoijua.

Swali: pointi moja ina thamani ya shilingi ngapi? Watu huuliza kama kwamba jibu limeandikwa mahali. Bonga pointi za Safaricom tumezizoea tangu 2007, unatumia shilingi 10 unapata pointi moja, na unajua takriban itakununulia nini. Pointi za ndege hazina bei ya kudumu. Zina bei ya kile unachonunua nazo siku hiyo.

Hesabu yake ni hii. Chukua nauli ya fedha taslimu kwa kiti kile kile, tarehe ile ile. Toa ushuru na ada ambazo utalipa hata ukitumia pointi, maana tiketi "ya bure" haiko bure. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya pointi.

Nairobi hadi Jeddah kupitia Doha, kwenda na kurudi, wiki moja ya Novemba niliyoichagua kwa kujaribu tu: fedha taslimu shilingi 88,600. Kwa pointi: Avios 40,000 na ushuru wa 24,600. Yaani 64,000 gawanya kwa 40,000. Shilingi 1.60 kwa pointi.

Kupitia Dubai kwa maili za kaka, wiki hiyo hiyo: taslimu 94,000, maili 45,000 na ada 40,000. Shilingi 1.20. Na maili zenyewe zimepungua 4,000. Ada ile ya 40,000 niliitazama mara tatu nikidhani nimekosea. Sehemu kubwa si ya serikali wala ya kiwanja. Ni nyongeza ya shirika lenyewe, ambayo zamani iliitwa ya mafuta na jina likabaki hata mafuta yaliposhuka. Ndiyo inayokula thamani ya pointi kimyakimya. Mtu akikusifia kwamba amepata tiketi kwa pointi, muulize amelipa ngapi juu yake.

Kisha nikaangalia duka la zawadi. Mashine ya kusagia matunda: pointi 18,000. Mashine kama ile ipo hapa mjini kwa 7,000. Senti 39 kwa pointi. Dada alikuwa amekwisha kuiweka kwenye kapu mwaka juzi, akasahau kubonyeza. Alhamdulillahi kwa usahaulifu.

Na daraja la biashara, kitanda na mto na juisi kwenye bilauri: taslimu 310,000, au pointi 90,000 na ada 45,000. Shilingi 2.94 kwa pointi! Karibu mara mbili ya kile cha kwanza. Wataalamu wa mambo haya watakwambia hapo ndipo penye utamu. Nililala na namba hiyo. Asubuhi niliiona uongo wake. Nani katika nyumba hii angewahi kutoa 310,000 kwa kiti? Ukijihesabia umeokoa fedha ambazo hungelipa kamwe, hujaokoa kitu, umejisifu tu. Kwa hiyo katika daftari langu nauli ya kulinganisha ni ile ambayo kweli tungeitoa mfukoni, ya daraja la chini, hata kama kiti ni cha mbele. Kwa kipimo hicho daraja la biashara linashuka hadi senti 48. Mama hatalala kitandani angani.

11 Julai

Mama amesimamisha mradi.

Nilikuwa nikimweleza kwa furaha, amekaa kibarazani akichambua mchele. Akaniacha nimalize. "Ndoo hapa," akasema, ingawa nilikuwa hapo hapo. "Hiyo tiketi ya dadako, nani aliyeilipa?"

"Mwajiri wake, Mama. Kila baada ya miaka miwili humlipia nauli ya kuja nyumbani."

"Basi hizo pointi ni za nani?"

Nilianza kusema ni za msafiri, masharti ya mashirika yanasema hivyo, pointi huingia kwa jina la aliyekalia kiti. Akanikata. "Sikukuuliza masharti. Siendi kwa Mola wangu na kitu cha mtu."

Nilimwendea ustadhi wetu baada ya Ijumaa. Alinisikiliza kwa subira, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza, kisha akasema kwa maoni yake hiyo ni zawadi ya mwenye ndege kwa msafiri, lakini kama ameilipa mwingine ni adabu kumuuliza. Si sharti, adabu. Mama alichukua hilo la pili.

Dada alikuwa na haya kumuuliza bosi wake. Siku tano zilipita. Alipouliza, mzee yule alicheka, akasema hakujua kama kuna kitu kama hicho, na akamtaka amwonyeshe zake mwenyewe ziko ngapi. Zilikuwa nyingi mno. Sasa dada ana kazi ya pili.

Mama ameridhika. Zile za kadi ya benki hakuziuliza, na mimi sikuzitaja tena.

2 Agosti

Nilitaka Ramadhani. Nani hataki umra ya Ramadhani? Mfungo wa 2026 unatarajiwa kuanza katikati ya Februari, na nilijiambia kwamba hapa ndipo pointi zinapomshinda mwenye fedha: nauli taslimu hupaa, pointi zinabaki pale pale.

Ni kweli nusu. Mashirika huachilia viti vya pointi kiasi cha miezi 11 kabla, na vya bei ya chini ni vichache katika kila ndege. Mimi nimekuja miezi sita na nusu kabla, wiki ambayo dunia nzima ya Kiislamu inaitaka. Viti vya kawaida vimekwisha. Vilivyobaki vinauzwa kwa mara mbili: 80,000. Taslimu wiki hiyo ni 131,000. Toa ushuru, gawanya: 1.33. Hata ningekuwa nazo, ni thamani ndogo kuliko ya Novemba. Na hatunazo.

Kuna mipango mingine ambayo haina hata hiyo orodha ya bei ya chini. Flying Blue ya Air France na KLM iliacha jedwali la kudumu mwaka 2018, na sasa bei ya maili huenda juu na chini pamoja na nauli. Huko fursa ni ya kinyume, ile punguzo lao la kila mwezi kwa njia walizozichagua wao. Mwenye uhuru wa tarehe hushinda. Mwenye Ramadhani hana uhuru.

Nimemwambia Mama. "Novemba ina ubaya gani?" akaniuliza. "Kaaba inafungwa?"

19 Agosti

Nimekuwa mjinga miezi miwili.

Muda wote huu nilikuwa natafuta tiketi mbili kutoka Nairobi: Mama, na mimi wa kumshika mkono. Avios 80,000, tunazo 68,400, na nikawa nahangaika na zile 11,600, kuzinunua, kuzikopa, kuzihamisha kwa ada. Bei ya kununua pointi mpya ni kubwa kuliko thamani yake karibu kila niliposhika kalamu.

Jana usiku dada kapiga simu kwa jambo jingine kabisa. Katikati ya maneno akasema, "Ndege ya Mama itapita hapa kwangu na mimi sitamwona. Atashuka, atapanda nyingine, na mimi niko kilomita chache kutoka kiwanjani nakunja nguo za watu."

Tulinyamaza wote wawili.

Kwa nini mimi? Mama asafiri kutoka Nairobi hadi Doha, na dada apande naye ndege ya pili kwenda Jeddah. Aliyekaa miaka tisa Uarabuni, anayejua Kiarabu cha sokoni, mwanamke mwenzake wa kukaa naye chumbani. Mimi ningefanya nini upande wa wanawake? Ningesimama nje na viatu.

Nilirudi kwenye daftari. Dada, Doha hadi Jeddah na kurudi: Avios 26,000 na ada sawa na 18,000, au taslimu kama 38,000. Yaani senti 77 kwa pointi. Alitaka kutumia pointi, kwa sababu anazo na "zimo tu". Nilimkatalia. Pointi zake zina kazi ya shilingi 1.60 kwenye njia ndefu. Kuziteketeza kwenye njia fupi ni kuchemsha maji kwa mpingo. Alipe taslimu, abaki na akiba ya 28,400 kwa safari nyingine. Alinung'unika. Akalipa.

Mradi mzima umefunguka kwa sentensi moja ya mtu aliyekuwa anasikitika. Nilikuwa nashindana na idadi ya pointi, kumbe shida ilikuwa kwenye safari niliyoichora.

20 Septemba

Maulidi. Mji umejaa wageni, msikiti wa Riyadha hapapitiki, nyumba ya wageni Shela haina hata godoro. Sijagusa daftari wiki tatu. Kaka ametuma picha ya machweo kutoka Bahari ya Hindi upande wa pili na swali: maili zake vipi? Sijamjibu.

Nilimsimulia tu, kumchangamsha, habari ya David Phillips, yule mhandisi wa California. Mwaka 1999 kampuni moja ya chakula ilitoa maili kwa kila misimbo pau (barcode) kumi ya bidhaa zake. Akagundua kwamba vikombe vidogo vya pudini vinahesabiwa kila kimoja peke yake. Akanunua 12,150, kwa dola kama 3,140, vingi akavitoa sadaka, na akapata maili milioni 1.25. Kaka alijibu: "Angekuwa Lamu angenunua kaimati."

4 Oktoba

Tumekata tiketi. Saa nne usiku, intaneti ya hotelini, dada kwenye simu akisoma tarakimu za siri.

Kuondoka Nairobi 17 Novemba, kurudi 1 Desemba. Avios 40,000 kamili, ushuru 24,600 kwa kadi yake. Bei haikubadilika tangu Juni, jambo ambalo silichukulii kuwa kawaida. Mambo niliyoyaangalia kabla ya kubonyeza, kwa faida ya atakayefuata:

Jina. Herufi kwa herufi kutoka pasipotini. Mama ni Fatma kwenye pasipoti, Fatuma kwenye kitambulisho cha zamani, na Bi Mkubwa kwa kila mtu mwingine.

Kufuta. Tiketi hii ya pointi ikifutwa, pointi hurudi kwa ada ndogo. Ile ya taslimu ya bei rahisi zaidi, fedha zisingerudi. Kwa mwanamke wa miaka 68 mwenye shinikizo la damu, hilo peke yake lina thamani ambayo mgawanyo wangu hauioni.

Kiti cha magurudumu. Huombwa bila malipo wakati wa kukata tiketi, au kwa simu siku kadhaa kabla. Mama alikasirika. "Mimi si kiwete." Nikamweleza kwamba anayemsukuma ndiye atakayemwonyesha lango la ndege ya pili na kumpitisha foleni. Akafikiri. "Basi niombee chenye mto."

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo na cheti cha homa ya manjano, tayari. Viza, kwa wakala.

15 Novemba

Kaskazi imeanza kushika. Bahari shwari asubuhi, tumevuka hadi Manda kwa boti bila hata tone kwenye buibui la Mama.

Tunaondoka siku mbili kabla kwa makusudi. Tiketi ya Manda hadi Nairobi ni ya peke yake, shirika jingine, haina uhusiano na ile kubwa. Ndege ndogo ikichelewa au ikiahirishwa, ile ya Doha haitamngoja wala haitamlipa. Nimeona mgeni mmoja Shela akipoteza safari nzima ya kwenda Ulaya kwa kubana saa tatu tu hapa katikati. Kwa hiyo tunalala Nairobi, South C kwa shangazi.

Neno la kando la mweka hesabu: kwenda na kurudi Nairobi kumetugharimu 16,800 kwa mtu, hakuna pointi iliyotumika na hakuna iliyopatikana. Kilomita chache kuliko zote na ndizo zilizouma. Mizigo ni kilo 15. Mama alikuwa na 19, nne zikiwa za viazi vitamu na achari ya dada. Tulitoa khanga tatu. Achari ilibaki.

18 Novemba

Saa tisa alfajiri, picha moja kwenye simu: Mama na dada wameketi mahali penye vigae vinavyong'aa, Doha, wote wanalia, na mhudumu wa kiti cha magurudumu nyuma yao anatazama pembeni kwa heshima. Mwaka mmoja na miezi kumi hawajaonana.

Sikuwa na safu ya kuiweka hii daftarini.

3 Desemba

Wamerudi salama. Mama karudi, yaani. Dada alibaki Doha.

Hesabu ya mwisho. Kilichotoka mfukoni kwa nauli: ushuru 24,600, tiketi ya dada 38,000, Manda na Nairobi 33,600 kwa sisi wawili. Jumla 96,200. Mpango wangu wa Juni, wa watu wawili kwa fedha taslimu, ulikuwa 177,200 kabla ya kufika hata Manda. Makosa: pointi zangu zilizokufa, safari tano za kaka zilizopitwa na muda, na miezi miwili ya kutafuta tiketi isiyohitajika.

Zamzam lita 5 ilifika Nairobi salama na ikaleta ugomvi kwenye mizani ya kilo 15. Nimeibeba mapajani hadi Manda.

Jana jioni Mama alikuwa kibarazani, majirani wamejaa, tende zinazunguka. Akaniita. "Na mimi nimepata pointi ngapi?"

"Hakuna, Mama. Tiketi ya pointi haizai pointi."

"Haizai?"

"Haizai."

"Kama nyumbu wa punda na farasi," akasema, na kibaraza kizima kikacheka. Alingoja kicheko kipungue. "Na zile za kakako? Umesema zinakufa lini?"

"Mwisho wa Machi. Lakini hazitoshi, zimepungua elfu nne. Na ada yake ni kubwa."

"Kwenda na kurudi hazitoshi. Kwenda tu?"

Nilifungua simu. Kwenda tu, kwa maili, kurudi kwa fedha kwa ndege ya moja kwa moja isiyo na ada ile. Sikuwahi kuijaribu hesabu hiyo. Nilipoinua mato, Mama alikuwa amekwisha kumgeukia Bi Khadija wa nyumba ya pili, anamuuliza kama pasipoti yake bado ina muda, na jina lake humo limeandikwa na h ngapi.